Kazi Isiyo na Mshahara: Mazungumzo na Wastaafu Wenzangu wa Iringa

Ndugu Mwenyekiti, mama zangu, baba zangu, wastaafu wenzangu: kamwene. Walio wakubwa kwangu, shikamooni. Najua humu mmebaki wachache, na ninyi ndio nitakaowasumbua zaidi kabla sijakaa.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, "Njoo uwaambie wenzako mstaafu afanye nini na muda wake." Nadhani alitarajia kuku wa mayai. Semina zote za maandalizi ya kustaafu nilizopitia zilikuwa na kuku, zikaja na parachichi, na mwisho onyo la kutonunua daladala kwa kiinua mgongo. Mafunzo mazuri, sina ugomvi nayo. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba ipo kazi isiyolipa hata senti tano, na bado inamtoa mtu kitandani kabla ya jogoo. Nazungumzia kuchimbua historia. Si historia ya dunia, wala ya Taifa zima. Ya hapa hapa, tena kwa mtu asiye na shahada wala ofisi.

Mimi nilikuwa masjala. Kazi yangu ilikuwa kupokea barua, kuipa namba ya folio, kuipachika kwenye jalada lake na kulipeleka jalada kwa mkubwa aandike dokezo. Wakubwa walituona watu wa vumbi tu. Lakini mtu wa masjala huondoka na elimu yake: karatasi moja yaweza kukudanganya mchana kweupe, ila karatasi mbili zilizoandikwa na watu wasiojuana zikikubaliana, hapo anza kuamini. Elimu hiyo haikuniongezea mshahara. Imenifaa baada ya kustaafu.

Sasa niseme jambo ambalo huenda likanifanya nitoke hapa kwa mlango wa nyuma. Watu wa Iringa tumemzungumza Mkwawa, Mtwa yaani mtawala wa Wahehe, mpaka tumewasahau wengine wote.

Simpunguzii Mtwa hadhi yake. Watoto wetu wanajua kwamba tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani cha kamanda Zelewski kilimalizwa Lugalo, na Zelewski mwenyewe akalala pale. Wanajua ngome ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894, na kwamba mwaka 1898 Mtwa alijipiga risasi kule Mlambalasi kuliko kushikwa akiwa hai. Tunajua mpaka ibara: Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani itoe fuvu lake ndani ya miezi 6. Ile miezi 6 ikawa miaka 35. Fuvu lilifika Kalenga mwaka 1954, Gavana Twining akalikabidhi kwa mjukuu, Chifu Adam Sapi, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Hayo yote yameandikwa, yameimbwa, yamejengewa makumbusho. Vizuri.

Sasa nauliza. Wale wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Zelewski kuja Lugalo walitoka vijiji gani? Mama aliyekuwa na sufuria jikoni ndani ya ngome ya Kalenga mizinga ilipoanza, alikimbilia kwa nani, na huko alikokimbilia wajukuu zake wanaitwaje leo? Majibu ya maswali hayo hayako Berlin. Kama yapo, yako Kalenga, Kilolo, Mufindi, kwenye vichwa vya watu wanaokula pensheni pamoja na sisi.

Au chukueni Vita Kuu ya kwanza. Mei 1916 majeshi ya Waingereza ya Jenerali Northey yaliingia nyanda hizi kutoka Nyasaland na Rhodesia Kaskazini, yakachukua Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg, na mwishoni mwa Agosti yakaingia mji huu. Reli haikuwepo huku. Kila risasi, kila debe la unga, lilipanda milima ya Rungwe na Njombe likiwa kichwani mwa mtu. Watu hao waliitwa tengatenga. Nendeni mkatazame makaburi ya vita hapa mjini: mawe yamenyooka, majina yamechongwa, majani yamekatwa. Watafuteni tengatenga. Mwaka 2021 tume yenyewe inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Kisa cha babu aliyechukuliwa kwenda kubeba mizigo ya Wazungu na asirudi, nimekikuta karibu katika kila ukoo niliokaa nao kwa muda wa kutosha. Jina lake lipo. Amepewa mjukuu, amepewa kitukuu. Lisilokuwepo ni mtu wa kuliandika.

Ndiyo maana nasema kazi hii ni yetu sisi tuliostaafu. Mwanafunzi wa chuo anakuja na dodoso, ana siku chache, basi la kurudi linamsubiri. Bibi anampa majibu mafupi ya kumridhisha aende zake. Sisi hatuna basi. Tunakaa, tunakunywa ulanzi kidogo (nami nasema kidogo), tunazungumza mvua na bei ya mbolea, tunarudi wiki nyingine. Halafu siku moja bibi anasema lile ambalo hata watoto wake hawajawahi kulisikia. Na umri wetu ni kibali. Kijana akimuuliza mzee, "Mkeo wa kwanza alitoka wapi?" ni utovu wa adabu. Sisi tukiuliza, ni maongezi.

Nitawasimulia raha yenyewe inavyokuwa, maana naona wengine mnanitazama kama mtu aliyekosa kazi.

Kuna parokia moja, siitaji kwa sababu sikuomba ruhusa ya kuitaja, ambayo paroko wake alinikubalia kukaa na vitabu vya ubatizo vya zamani. Misheni za Kikatoliki huku zina umri. Tosamaganga, kwa mfano, ilianzishwa na Wabenedikto mwishoni mwa karne ya 19, kisha baada ya ile vita ikashikwa na mapadre wa Konsolata kutoka Italia. Vitabu vyao viliandikwa kwa Kilatini, lakini msiogope, ni Kilatini cha kurudiarudia. Ukishajua maneno machache ya kuzaliwa, baba, mama na msimamizi, unasoma ukurasa mzima. Mstari mmoja unakupa jina la mtoto, wazazi, kijiji, msimamizi na padre aliyebatiza. Peke yake huo ni utajiri. Lakini pembeni kuna nafasi ambayo wengi hawaiangalii. Kwa utaratibu wa Kanisa, mtu akifunga ndoa popote pale, taarifa inatumwa parokia aliyobatiziwa, na padre wa huko anaiandika pembeni mwa jina lake.

Basi nilikuwa nafuata ukoo mmoja, nikafika kwa binti aliyebatizwa miaka ya 1920. Macho yakaenda pembeni. Ameolewa Tanga.

Tanga! Binti wa mlimani huku, enzi ambazo kwenda Dodoma tu ni safari ya kuagwa kwa machozi, kaolewa kwenye parokia ya kule penye mashamba ya mkonge. Nikafungua ukurasa uliofuata, kisha mwingine, sasa nikisoma pembeni tu. Wakaanza kutokea. Kaolewa Tanga. Kaolewa Tanga. Kaoa Morogoro. Wale ni manamba, ndugu zangu. Tunajua kwamba wanaume wa Ubena, Ukinga na Uhehe walikwenda kukata mkonge kwa mkataba, na kwamba mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri vibarua, ile wazee wanayoiita Silabu. Lakini simulizi la manamba tulilozoea lina mwanamume na panga tu. Mle kitabuni nikaona wasichana. Walisafiri vipi? Nani aliwapeleka? Walifuata wachumba, au walichumbiwa kule? Nilitoka pale nikatembea mpaka barabara kuu nikizungumza peke yangu, na mwendesha bodaboda akaniuliza kama niko salama.

Jibu sikulikuta kitabuni. Nililipata kwa jirani yangu mwenyewe, mtu niliyesalimiana naye miaka nenda rudi kuhusu ng'ombe wake kuingia mahindini. Kumbe alizaliwa Korogwe. Mama yake alipelekwa kule na kaka zake waliokwisha kutangulia, kwa sababu walitaka mtu wa kuwapikia, na mume akampata kambini. Mzee yule aliongea mpaka giza likaingia. Aliniambia hajawahi kuulizwa.

Ndiyo raha ninayoizungumzia. Kitabu cha padre wa Kiitaliano na mdomo wa jirani yako, ambao hawajawahi kukutana, vinakutana kwako.

Swali, basi, liwe dogo. Mkitoka hapa mkasema mnakwenda kuandika historia ya Wahehe, mtachoka kabla ya Krismasi. Chukua njia moja ya zamani ya miguu, au kisima, au duka la Mhindi lililogeuka zahanati. Chukua shule uliyosoma. Au mahame yale unayopita kila siku ukienda shambani, ambapo bado kuna miti ya matunda na mawe ya mafiga, kwa sababu watu walihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji: nani alikaa pale, alihamia wapi, alirudi au hakurudi? Wengi wetu tuliishuhudia operesheni ile. Wengine tuliisimamia. Tuandike wakati bado tunaweza kubishana.

Ifunda tunaijua kwa shule ya ufundi. Wangapi hapa wanajua kwamba wakati wa Vita ya pili palikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Poland? Walikuwa Wapolandi waliopelekwa Urusi kwa nguvu, wakatolewa kupitia Uajemi, wakaletwa Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1942. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, Arusha, lakini huku kwetu walikaa Ifunda na Kidugala, na makaburi yao yapo mpaka leo. Ya upande wao wameyaandika. Ni watu wanaopenda kuandika. Ya upande wetu bado. Nani aliwauzia maziwa? Watoto wetu na wao walicheza pamoja? Mtu aliyekuwa na miaka 10 wakati ule sasa ana zaidi ya 90. Fanyeni hesabu wenyewe, mimi naogopa kuifanya.

Na hesabu ya umri ndiyo ufundi wenyewe wa kazi hii. Mzee hasemi "nilizaliwa 1934". Anasema alikuwa anachunga ndama Wazungu wa Ifunda walipofika. Mwingine dada yake alikuwa mwari fuvu lilipoletwa, na mwingine mama yake alikuwa mjamzito mwaka wa nzige. Kwa hiyo tengeneza kalenda yako ya matukio ya eneo lako kabla hujaanza kuuliza: sotoka iliyomaliza ng'ombe miaka ya 1890, Majimaji ya 1905 kwa watu wa Njombe, mafua makali yaliyofuata mwisho wa vita mwaka 1918, Uhuru, Azimio la Arusha, reli ya TAZARA. Kila anachosema mzee kinapata mahali pa kukaa.

Wenzangu mliotoka Mbeya, msidhani nimewasahau. Ninyi mna bahati mbili. Ya kwanza ni wamisionari Wamoraviani. Walianza Rungwe mwaka 1891, na walikuwa na desturi ya kila kituo kuandika kumbukumbu zake na kuzituma makao makuu yao, Herrnhut, Ujerumani, ambako zimehifadhiwa hadi leo. Kule Utengule aliishi Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari, aliyekaa na Wasafwa akaandika hadithi zao na maisha yao kama walivyoyasimulia wenyewe. Bila kalamu yake tusingelijua jina la Narwimba, mwanamke aliyevuka kipindi cha vita na biashara ya utumwa katika ukanda huu mwishoni mwa karne ya 19 akiwa na watoto wake. Mama yule hakuwa profesa wa historia. Alikuwa na daftari, na alikaa muda mrefu.

Bahati ya pili ni TAZARA. Reli ya kilomita 1,860, ujenzi ulianza 1970 na kukamilika 1975. Waliopasua mahandaki kati ya Mlimba na Makambako, waliopika makambini, waliojifunza Kichina cha kuagizia saruji, ni wastaafu wenzetu, na wengine mnakaa nao kanisani kila Jumapili. Mnasubiri nini?

Mtu ataniambia hayo ni ya wataalamu. Isimila iko hapo kilomita kama 20 tu kutoka mjini, barabara ya Mbeya. Zile zana za mawe za kale zinazowavuta wageni kutoka pande zote, aliyeziokota mwaka 1951 na kuwashtua wataalamu alikuwa mwanafunzi aliyekuwa safarini kuelekea Afrika Kusini. Wataalamu wakina Clark Howell walikuja kuchimba baadaye, 1957 na 1958. Nacho Kimondo cha Mbozi, vitabu husema kiligunduliwa mwaka 1930, mpima ardhi mmoja alipokitolea taarifa. Wenyeji walikuwa wanakipita kila siku. Hawakukitolea taarifa, basi. Ugunduzi akapewa aliyeandika. Mimi jambo hilo bado linanikera, na ukitaka kujua kwa nini mzee wa miaka yangu anatembea na daftari, sababu mojawapo ni hiyo.

Ukishaiva kidogo, nenda Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa, Upanga. Chukua barua ya utambulisho, vaa vizuri, usiende na haraka. Majalada ya Wajerumani yapo, na ya Waingereza ni mengi. Yenye mwandiko wa mkono wa Kijerumani cha zamani yaacheni kwanza. Humsumbua hata Mjerumani wa leo. Ya Kiingereza yanasomeka, hasa vile vitabu vya wilaya ambavyo mabwana DC, wakuu wa wilaya wa Kiingereza, walipokezana kuvijaza: machifu, koo, mila, kodi, mvua. Vinasomeka vizuri mno, na hapo ndipo hatari ilipo. Bwana DC aliandika alichoambiwa na mkalimani, na mkalimani naye alikuwa mtoto wa mtu, mwenye shangazi na wagomvi wake. Ukiona ukoo fulani umesifiwa kurasa tatu, uliza kwanza nani alitafsiri. Mimi kwa mazoea ya masjala husoma zaidi yale madokezo ya mbele ya jalada kuliko barua zenyewe. Kwenye barua mkubwa anavaa suti; kwenye dokezo anasema anachofikiri.

Niwaonye mambo mawili, kisha nikae. La kwanza ni ardhi. Ukionekana unapima makaburi ya zamani na kuuliza nani alilima wapi, kijiji chote kitajua una kesi. Makaburi ni ushahidi kwenye baraza la ardhi, kila mtu anajua hilo. Kwa hiyo anzia kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, eleza, na usiandike mpaka wa shamba la mtu hata ukibembelezwa. Na ukikaribia jengo au kaburi la Mjerumani, jiandae kusikia kwamba unatafuta rupia zilizofukiwa. Nimeshafuatwa na vijana wenye sururu wakitaka tugawane nusu kwa nusu. Wengine wameharibu makaburi kwa ujinga huo, na kila kaburi lililofukuliwa ni ukurasa umechanwa.

La pili ni aibu za watu. Utasikia nani alikuwa mtumwa, nani alikuwa askari wa Mjerumani, nani mtoto wake si wake. Andika, lakini muulize mwenye habari kipi kisomwe sasa na kipi kisubiri. Mimi nina bahasha zilizofungwa, juu zimeandikwa mwaka wa kufunguliwa. Mke wangu anadhani ni hati za viwanja.

Kuhusu vifaa sina mengi. Daftari gumu, kalamu ya wino usiofutika, simu ya mjukuu yenye kurekodi na kupiga picha, na mjukuu mwenyewe, maana bila yeye simu hiyo ni kioo tu. Mwombeni awatafutie pia picha za enzi za Mjerumani ambazo maktaba za Ujerumani zimeziweka kwenye intaneti. Mtaona boma letu hili kabla halijawa makumbusho. Kila simulizi, andikeni tarehe, mahali, jina la msimuliaji na lugha aliyotumia. Mkimaliza sura moja, hata iwe ya kurasa kumi, pigeni chapa nakala kadhaa: moja kwa familia iliyosimulia, moja shule ya kijiji, moja Maktaba ya Mkoa. Yaliyobaki kwenye flashi moja mfukoni yatafuliwa na suruali.

Nilikuwa na maneno mengine kuhusu Majimaji na misheni ya Yakobi, lakini mzee aliyekaa karibu na dirisha amenyoosha mkono tangu nilipotaja Ifunda, na mimi nimekuwa nikijifanya simwoni ili nimalize. Apewe kipaza sauti. Na kama kuna mwenye daftari humu ndani, alifungue.